Yadi Moja ya Bafta

Mzee Awadhi wa Sindeni alikuwa ameosha na kuzika watu wasiopungua mia mbili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumletea matatizo. Wa mia mbili na moja hakuwa mtu. Kilikuwa kivimbe cha ukubwa wa limau, kilichotolewa nyuma ya bega la kushoto la mkewe Hamisa, na siku ya kumi na tisa tangu akizike ndipo kilipoanza kumtafuta.

Kilimtafuta kwa simu. Husna, binti yao, mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Manundu mjini Korogwe, alipiga asubuhi baba yake akiwa anafungua banda la mbuzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nimepiga Moshi, hospitali ya rufaa. Wanasema jina la mama halimo kwenye daftari lao. Nitajie tarehe uliyokabidhi kile kikopo, na aliyekupokea ni nani."

Awadhi akawatazama mbuzi. Mbuzi nao wakamtazama, wakingoja atoke mlangoni wapite.

"Nakuja huko," akasema.

"Huna haja ya kuja, baba. Tarehe tu."

"Nakuja," akasema tena, akakata simu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mwanawe tangu simu ziingie kijijini.

Awadhi si mjinga, na wala si mkaidi. Ni mtu wa aina ile anayemwitikia daktari "sawa daktari" kwa adabu zote, kisha akaenda kufanya anachokijua. Siku ya upasuaji Daktari Simeo alimweka chini pale hospitalini Korogwe akamweleza polepole, maana ni daktari mwenye subira. Kivimbe kimetoka chote. Kwa macho hawezi kusema kama ni cha mafuta tu, kisicho na madhara, au ni cha ile aina mbaya. Kwa hiyo kipelekwe Moshi kesho, ndani ya dawa yake, wataalamu wakikate vipande vyembamba na kuangalia seli zake. Baada ya wiki tatu majibu yatasema kama Hamisa amepona au anatakiwa kuwahishwa kwenye matibabu makubwa. Akampa kopo la plastiki lenye kifuniko chekundu, limebandikwa jina la Hamisa, na fomu iliyokunjwa mara mbili.

Awadhi aliyasikia yote hayo. Tatizo ni kwamba alikuwa amesikia jingine kabla. Asubuhi ile, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, Hamisa alimshika kiganja akakibana kwa nguvu ambazo mwanamke mgonjwa hakutakiwa kuwa nazo.

"Baba Husna, watakachokitoa usikiache. Nimesikia watu wanasema huwa vinatupwa. Kizike nyumbani kwetu. Mimi ni mtu, si machicha ya nazi."

Na Awadhi akamwahidi. Hakuona kama ni ombi la ajabu. Kwao kipande cha mtu ni mtu, hakitupwi wala hakichomwi. Huoshwa, hufungwa nguo nyeupe, hurudishwa ardhini. Yeye mwenyewe aliwahi kuuzika mguu wa kijana mmoja aliyekatwa na mashine ya mkonge, na kijana alipotoka hospitali alikwenda kuuzuru kwa magongo. Hilo la kupima alilifikiria njiani, akaliona halina kichwa wala miguu. Ugonjwa umeshatoka, uko ndani ya kopo. Mwiba ukishatolewa unyayoni, nani anaufungasha akausafirishe Moshi? Alijiuliza hivyo peke yake, akajijibu peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Mtu wa kumbishia alikuwepo Makuyuni, amefungiwa kwenye kituo cha mitihani akisimamia. Husna alipata nafasi ya kupiga simu jioni tu.

"Kikopo umepewa, baba?"

"Nimepewa."

"Kitafika?"

"Kitafika, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Wakati anasema hayo alikuwa ameshatoka dukani kwa Ishwarlal. Aliomba yadi moja ya bafta. Ishwarlal, ambaye amewauzia watu wa Korogwe na Handeni sanda tangu enzi za baba yake, alipima, akakata, akaiangalia ile nguo jinsi ilivyo fupi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto?" Awadhi akaitikia kwa kichwa. Ishwarlal akaikunja ile bafta akamkabidhi kwa mikono miwili.

Alikizika kesho yake kabla ya adhuhuri. Ile dawa iliyomo koponi aliimwaga nyuma ya nyumba, ikamchoma macho mpaka akatokwa na machozi. Akaosha mara tatu kama anavyoosha kila anayepita mikononi mwake, maji ya mwisho akitia kafuri. Akakifunga, akakilaza kando ya Salimu, mtoto wao wa kwanza aliyekufa hata arobaini yake haijafika. Siku iliyofuata alirudi hospitalini Korogwe, Hamisa akamuuliza kiko wapi, akamwambia kiko na Salimu. Hamisa akafumba macho akalala usingizi mzuri kuliko wote alioupata mwaka ule. Kopo Awadhi alilisuuza, akalitumia kuwekea misumari.

Sasa yuko njiani anakwenda kuyasema hayo, na kila akiyapanga mdomoni hayapangiki.

Alifika Manundu saa nne, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Husna alikuwa maabara na wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Alimwona baba yake dirishani, akatoka akamwamkia, akamtazama usoni.

"Kuna nini, baba?"

"Maliza kazi yako kwanza."

Awadhi ana woga wa namna yake. Anaweza kukesha na maiti chumba kimoja na asishtuke, lakini kumwambia mwanawe jambo baya macho kwa macho ndiko kunakomshinda. Akapewa stuli nyuma ya darasa. Wanafunzi arobaini wakasimama wakasema shikamoo babu, akawaitikia marahaba wajukuu zangu, na akatamani kipindi kile kisiishe.

Mezani palikuwa na vitunguu vilivyokalishwa juu ya glasi za maji, vimeotesha mizizi myeupe. Husna alikuwa amekata ncha za mizizi ile, akaziloweka kwenye dawa, akazitia rangi, akazibana kati ya vioo viwili. Wanafunzi walikuwa wanapanga foleni kuangalia kwa hadubini, kile chombo kinachokuza vitu ambavyo macho hayavioni. Alipomaliza msichana wa mwisho, aliyeitwa Glory, Husna akasema, "Na babu yenu naye aangalie."

Awadhi akainama. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona.

"Ukuta," akasema. "Ukuta wa matofali."

"Kila tofali hapo ni seli, baba. Kitunguu ni seli, mbuzi wako ni seli, wewe mwenyewe ni seli tupu. Sisi hatuna ule ukuta mgumu wa nje, tuna utando laini, ndio unaoamua nini kiingie na nini kitoke. Unaliona doa jeusi katikati? Hicho ni kiini. Humo ndimo yalimo maagizo yote. Uwe kitunguu. Uwe mwekundu. Ukue mpaka hapa. Uache sasa. Na kukizunguka kuna uteute wenye vitu vidogo vidogo ambavyo hadubini yetu haivioni vizuri, vingine vinachoma chakula kupata nguvu, vingine vinatengeneza, vingine vinafagia taka. Kama nyumba yenye watu, kila mtu na kazi yake."

"Na hili lenye nyuzi nyuzi?"

"Hilo limewahiwa likigawanyika. Maagizo yamenakiliwa yakawa mara mbili. Nyuzi zinavutwa, nusu huku, nusu huku, halafu ukuta mpya unajengwa katikati. Moja inakuwa mbili, na kila moja ina nakala yake kamili."

Awadhi hakunyanyua kichwa. Mle ndani palikuwa pazuri, palipangika, na yeye ni mtu anayependa vitu vilivyopangika.

"Zinajuaje kuacha?" akauliza.

Husna akageukia darasa, maana swali zuri likitoka kwa mgeni mwalimu huwa anafurahi. "Mmesikia swali la babu? Seli nzima inasikilizana na jirani zake. Ukijikata kidole, zinagawanyika, zinaziba pengo, zinaacha. Ikitokea moja imepoteza yale maagizo ya kuacha, inaendelea tu. Mbili, nne, nane, kumi na sita. Hiyo ndiyo saratani. Na namna ya kuijua ni kuziangalia hivi hivi tunavyofanya. Viini vimekuwa vikubwa mno, vimepoteza umbo, na nyingi mno zinagawanyika kwa wakati mmoja. Kwa macho matupu huwezi kujua, hata ungekuwa daktari bingwa."

Alisema hivyo, akapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Wanafunzi hawakujua anamfikiria nani. Baba yake alijua.

Glory akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo hizi sasa hivi zinaendelea kugawanyika?"

"Hapana. Hizi zimekufa. Nilizitia kwenye dawa mara tu nilipozikata, zikasimama vile vile zilivyokuwa. Bila dawa zingejila zenyewe."

"Zingejilaje?" Aliyeuliza safari hii alikuwa Awadhi.

"Ndani ya seli za mnyama, kwa mfano, kuna vifuko vyenye vimeng'enya, vitu vya kuyeyushia chakula na taka. Seli ikiwa hai inavifunga. Ikifa, vifuko vinapasuka, vile vimeng'enya vinaila seli yenyewe kutoka ndani. Saa chache tu utando umelegea, kiini kimesinyaa. Halafu bakteria wanakuja kumalizia."

Awadhi akanyanyuka kutoka kwenye hadubini. Akashika ukingo wa meza.

"Na kama ile dawa imemwagwa? Kikaoshwa mara tatu, kwa kafuri, kikafungwa bafta, kikafukiwa?"

Darasa likacheka. Waliona babu ana mzaha.

"Hakibaki kitu cha kusoma, baba," Husna akasema huku naye akitabasamu. "Siku tatu, nne."

"Siku ishirini je?"

Wanafunzi wakacheka tena, kwa nguvu zaidi. Husna alikuwa na chaki mkononi. Aliiweka mezani taratibu, ikabingirika, ikaanguka, hakuiokota. Alimtazama baba yake mpaka kicheko kikaisha chenyewe, benchi moja baada ya jingine, watoto wakiulizana kwa macho kumetokea nini.

"Choreni seli ya mnyama," akawaambia. "Kila mtu peke yake. Andikeni majina ya sehemu zote."

Wakatoka nje, wakasimama kando ya tanki la maji. Husna hakupiga kelele. Awadhi alikuwa amejiandaa kwa kelele, na zilipokosekana hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Kile kikopo, baba."

"Nilikizika. Kando ya Salimu."

"Mama anajua?"

"Yeye ndiye aliyeniomba."

Husna akakaa kwenye ngazi ya maabara kama mtu aliyekatwa miguu. Ndani alisikika mtoto akiomba ufutio.

"Mwaka wa kumi na moja huu nafundisha seli," akasema mwisho. "Naweza kuichora nimefumba macho. Nimefundisha watoto wa watu, sina hata hesabu yao. Sijawahi kukaa na wewe na mama nikawaeleza hata robo saa. Nilidhani daktari akisema, inatosha."

"Alisema, mwanangu. Na nilimwelewa. Ila sikujua kwamba kilikuwa na maandishi ndani."

Aliposema hivyo Husna alilia. Awadhi alimwona mwanawe akilia mara ya mwisho akiwa na umri wa miaka saba, na wakati ule alijua la kufanya, alimbeba. Sasa alisimama tu, amekunja kofia yake mkononi, anaona aibu mbele ya tanki la maji.

Walikwenda wote kwa Daktari Simeo mchana ule ule. Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu.

"Mlifukia pamoja na kopo?" akauliza, na Husna akajua kwamba hilo ndilo tumaini la mwisho lililobaki.

"Dawa niliimwaga," akasema Awadhi. "Nikaosha. Nilitaka kiende kikiwa safi."

Daktari akaiweka kalamu chini. Akafungua faili la Hamisa, ingawa alikuwa anakumbuka kilichomo.

"Nilichoandika hapa ni nilichoona. Kilikuwa kigumu kiasi, upande wa chini kimeshikamana kidogo. Vya mafuta navyo vipo vinavyokuwa hivyo. Macho yangu hayawezi kuapa."

"Haiwezekani kukata tena pale pale?" Husna akauliza. "Kidogo tu, pembeni ya kovu?"

"Kidonda bado kibichi, na nikikata bila kujua nafuata nini, nitakata pasipohusika. Nikikosa, majibu yatasema hakuna kitu, nanyi mtaamini hakuna kitu. Hilo ni baya zaidi. Na siwezi kumpa matibabu makubwa mtu ambaye huenda haumwi. Yale matibabu yanaua kila seli inayogawanyika haraka, za nywele, za tumbo, za damu. Humpi mtu kwa kubahatisha."

"Sasa tufanye nini?" Awadhi akauliza.

"Mumshike pale kila wiki, kwa vidole. Kikijitokeza kitu, hata kidogo vipi, mje siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo tunasubiri."

"Tunasubiri kisirudi, mzee."

"Na kikirudi?"

Daktari Simeo akamtazama Husna, na Husna akatazama sakafu.

"Kikirudi," daktari akasema, "tutapata cha kupeleka Moshi."

Kwenye kituo cha mabasi Husna alimfungia baba yake mkate na chungwa, kama vile yeye ndiye mzazi. Akamwambia jambo moja tu kabla hajapanda. "Mama utamwambia wewe, baba. Mimi sitaweza." Awadhi akakubali. Alikubali kwa sababu hakuwa na uso wa kukataa.

Aliposhuka Sindeni jua lilikuwa bado la kutosha. Hamisa alikuwa kwa jirani, kwenye maulidi. Awadhi akachukua jembe dogo, lile alilomchimbia Salimu, akaenda makaburini. Maisha yake yote amekuwa akiwafukuza watoto wasikanyage udongo ule, na leo yeye ndiye anaufukua. Hakuchimba sana, maana hakuwa amekizika kwa kina kirefu. Bafta ilikuwepo. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imelala bapa, na alipoifungua ndani palikuwa na udongo mweusi wenye unyevu na sisimizi wawili. Harufu ya kafuri ilikuwa imebaki kidogo. Akaikunja tena vile vile ilivyokuwa, akairudisha, akafukia, akakaa pale akiwa hana dua ya kusoma, kwa sababu dua zote anazozijua ni za watu waliokwisha kufa.

Hakumwambia Hamisa siku ile. Wala iliyofuata. Hamisa alikuwa anaanza kunenepa mashavu, anasema mkono unanyanyuka mpaka kichwani, anauliza kama daktari amesema amepona ili aanze kwenda shamba kwa amani. Awadhi akamwambia daktari hana shaka naye. Ulikuwa uongo wake wa kwanza mkubwa katika ndoa ya miaka arobaini na miwili, na ulimkaa kooni kama mfupa wa perege.

Ijumaa ikawa ndiyo siku ya kulikagua kovu. Asubuhi, kabla hajaoga kwenda msikitini, anapasha mafuta ya nazi kidogo, Hamisa anakaa kwenye kigoda ukumbini ameipa mgongo nuru ya mlango, anateremsha kanga begani, na Awadhi anamsugua lile kovu kwa kisingizio cha kulilainisha. Mahali penyewe ni pale ambapo mtu hawezi kujiona wala kujifikia vizuri. Hamisa anajua mgongo wake kwa kuambiwa tu. Kwa hiyo vidole vya Awadhi ndivyo vilivyokuwa hadubini yao, vidole vya mkulima, vimekomaa, vyenye ganda, navyo vilitakiwa kusoma kitu ambacho daktari bingwa hawezi kukiona. Havikupata kitu Ijumaa ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu.

Katikati ya Ijumaa moja na nyingine walikuwa wanapukuchua mahindi. Siku moja Awadhi aliweka punje moja juu ya mkeka. Kando yake akaweka mbili, kisha nne, kisha nane. Alifika mara ya kumi mkeka umejaa vichungu vichungu na magunzi yamemzunguka, na alipotaka kuendelea akaona mahindi yote waliyopukuchua tangu asubuhi hayatoshi hatua kumi zaidi. Akaogopa kwelikweli. Alikuwa anajua kwamba vitu hukua, mkulima gani asiyejua, lakini hakuwahi kukaa akaona jinsi kitu kinavyoweza kwenda kimya kimya kwa muda mrefu, kisha ghafla kikawa kingi.

"Unacheza bao na nani?" Hamisa akamuuliza.

"Na mwenyewe."

"Nani anashinda?"

Awadhi akazikusanya punje zote kwa viganja akazirudisha kwenye ungo. Hapo ndipo angesema. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga tangu Manundu: mama, kile kitu kilitakiwa kusomwa, mimi nikakizika, na sasa hatujui. Yalifika mpaka kwenye meno. Hamisa alikuwa anamtazama, ametulia, kama anayemngoja. Kisha Awadhi akasema mahindi ya mwaka huu yana wadudu, na Hamisa akasema ndiyo, yana wadudu, wakaendelea kupukuchua.

Husna alikuwa anapiga kila Ijumaa mchana. Haulizi kitu kirefu. "Baba?" anasema. "Hakuna," baba anajibu. Wanakaa kwenye simu wote wawili bila kusema, mpaka salio linakwisha au kengele ya shule inagonga.

Ijumaa ya saba ilikuwa ya mawingu. Mafuta yalikuwa yameganda, akayapasha juu ya makaa. Hamisa akageuka, akateremsha kanga. Awadhi akaanza juu, kama kawaida, akashuka na kovu polepole, kidole cha shahada kikitangulia. Kovu lilikuwa laini, limenyooka, Daktari Simeo alilishona vizuri. Karibu na mwisho wake wa chini kidole kikapita juu ya kitu.

Akarudi nyuma, akapita tena. Kilikuwepo. Kidogo, kama punje ya choroko iliyonasa chini ya kitambaa. Akakisukuma kwa upole kikakataa kusogea. Mkono wake ukasimama pale. Alijiambia ni uzi wa kushonea uliobaki. Alijiambia ni mafuta, ni baridi ya asubuhi, ni kidole chake chenyewe kibaya. Alitaka sana kuwa mjinga, na ujinga ule alioutumia bure kwenye kile kikopo sasa ulikuwa umekwisha.

"Kipo?" Hamisa akauliza bila kugeuka.

Awadhi hakujua kwamba mkewe anajua kuna kitu cha kutafutwa.

"Husna aliniambia," Hamisa akasema. "Siku ile ile uliyotoka Korogwe. Alinipigia nikiwa maulidini, analia. Nikamwambia aache, wewe utaniambia ukiweza. Nimekungoja wiki saba, Baba Husna."

"Nilikuwa..." Awadhi akaanza.

"Najua. Ulikuwa umeniahidi. Na mimi ndiye niliyekuomba." Akanyoosha mkono wa kulia kupitia juu ya bega, ukapapasa ukashindwa kufika, ukakutana na vidole vya mumewe vyenye mafuta, ukavishika. "Kina ukubwa gani?"

"Choroko."

Nje mbuzi walikuwa wanagonga mlango wa banda, hawajafunguliwa.

"Basi nitafutie viatu vyangu, twende leo," Hamisa akasema. "Na safari hii wakikitoa, usikizike. Hata nikikuomba."

Awadhi akampandisha kanga begani, akaifunga vizuri. Kisha akaenda kwenye kasha, akamwaga misumari chini, akalichukua lile kopo lenye kifuniko chekundu, ambalo jina la Hamisa lilikuwa bado linasomeka, akasimama nalo katikati ya ukumbi bila kujua kama linafaa tena au halifai.